Baada ya kiharusi: kuuzoeza umakini au kuipanga kazi upya?

Baba yangu ni fundi baiskeli, Ngamiani. Kwa asiyeijua Tanga, hapa kila mtu ana baiskeli au ana ndugu wa kumwazima: anayekwenda Mgandini sokoni, anayetembeza samaki wa Deep Sea, mwanafunzi, mwalimu wa madrasa. Baba kutafuta pancha alikuwa hahitaji beseni la maji. Aliisogeza tyubu sikioni, akaizungusha polepole, na pale upepo unapotokea akapaweka kidole. Ndivyo nilivyomjua tangu utotoni.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Baada ya miezi minne mguu ulikuwa unabeba, mkono unashika, na maneno yake yote yapo. Watu wakaja kushukuru pamoja nasi: mzee kapona, alhamdulillahi. Akarudi barazani kwake. Tyubu ya kwanza aliitoa vizuri, akapiga msasa, akapaka solusheni. Akapita mtu: "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Baba akaitika, wakaulizana hali. Mtu alipokwenda zake, baba akaishika ile tyubu, akaitazama kama aliyeiokota njiani. Solusheni imekauka kabisa. Akaanza tena na msasa. Akapita mwingine. Tyubu moja ilimaliza asubuhi nzima, na alipoirudisha kwenye tairi na kuijaza, ikasimama kidogo, ikalala. Mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi.

Siku ile ndiyo tuliyojua kwamba kupona kwa mguu ni jambo moja, na kilichobaki ni kingine.

Tukaanza kupewa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Wengine walisema ubongo ni kama mkono uliolegea, uzoesheni: mafumbo, hesabu, michezo ya simu. Wengine wakasema mwacheni ubongo wake upumzike, badilisheni kazi na nyumba ziendane na umakini alionao. Nimeyajaribu yote mawili kwa zaidi ya mwaka, nimesoma kila nilichoweza kukipata, na mtaalamu mmoja wa tiba kazi, yaani tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, alikaa nasi akatuelekeza. Nasema mapema ninakoegemea: kwa familia nyingi, anzeni na kazi na nyumba, mazoezi yaje nyuma. Lakini si kwa kila mgonjwa, na sababu zake ndizo za kuzingatia.

Kabla ya kuchagua, jueni mnatibu nini

Nyumbani neno la kwanza huwa "kasahau". Mara nyingi hakusahau, ila hakulipokea. Jaribuni hivi: zima redio, kaa mbele yake, mwambie jambo moja fupi, mwache alirudie kwa kinywa chake. Nusu saa baadaye muulize. Akilikumbuka, ghala ni zima, mlango ndio mbovu, na shida yake kubwa ni umakini. Likiwa limepotea hata baada ya utulivu wote huo, huenda kumbukumbu yenyewe imeguswa, na hapo daktari aelezwe hivyo. Kama kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, hakikisheni kwanza kwamba maneno anayaelewa. Mtu asiyeelewa lugha huonekana hasikilizi, kumbe anasikiliza kwa nguvu zake zote.

Umakini nao si kitu kimoja. Mwaka 1987 watafiti Sohlberg na Mateer waliupanga kwa ngazi tano, na ngazi hizo bado zinatumika: kugeukia kinachokuita, kudumu nacho, kukishika katikati ya kelele, kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine na kurudi, na mwisho kufanya mawili kwa pamoja. Baba aliweza kusikiliza hotuba yote ya Ijumaa bila kutawanyika. Alipokwama ni pale pa kuhama na kurudi: salamu ikimtoa kwenye tyubu, njia ya kurudia haioni. Tulipolijua hilo tuliacha kumwambia "kaza akili", neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo huniuma, kwa sababu alikuwa anaikaza.

Kisha kuna vitu vinavyouiba umakini na dawa yake ni nyepesi kuliko mazoezi yoyote. Maumivu ya bega. Usingizi mbovu, hasa kwa mtu anayekoroma na kukatika pumzi. Sukari iliyopanda au kushuka. Ugonjwa wa njia ya mkojo, ambao kwa wazee huvuruga akili hata bila homa. Miwani iliyopotea siku ya kulazwa. Sonona, ambayo huwapata takriban mmoja kati ya kila wagonjwa watatu wa kiharusi, na sisi huiita uvivu au kususa. Na dawa zenyewe. Baba alipewa kidonge cha usingizi alipolazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani nacho, na hakuna aliyekumbuka kukisimamisha. Tuliendelea kumpa kila usiku kwa uaminifu. Daktari mwingine alipokipunguza hatua kwa hatua, asubuhi za baba zilibadilika kabla hatujaanza zoezi lolote. Msikikate wenyewe kidonge cha aina hiyo. Bebeni dawa zote kwenye mfuko, mpelekeni mgonjwa pamoja nazo, muulize moja baada ya nyingine ni ya nini na ya mpaka lini.

Na akivurugika ghafla, leo si kama jana, hilo si suala la mazoezi. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: kuuzoeza umakini

Hapa mgonjwa hupewa kazi ndogo zinazopanda ugumu ngazi kwa ngazi, akizirudia mpaka azimudu. Hospitalini hutumika karatasi, sauti zilizorekodiwa au kompyuta. Nyumbani sisi tulitumia gazeti: akate kila herufi "m" kwenye safu moja. Tulitumia mchele: achague mawe na chuya kwenye ungo kwa dakika kumi, redio imezimwa, baadaye redio ikiwa imewashwa. Tulitumia taarifa ya habari: anyooshe kidole kila likitajwa jina la mkoa. Halafu mawili kwa pamoja, ungo na taarifa ya habari.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unaona hatua. Wiki ya kwanza baba aliruka herufi nyingi mno, hasa za mwanzo wa mstari. Wiki ya tano aliruka mbili tatu. Mama alifurahi, nami nilifurahi. Kisha tukatoka nje barazani, na tyubu ikawa ile ile.

Hili halikumpata baba peke yake. Nchini New Zealand, jaribio lililochapishwa 2009 liliwapa wagonjwa wa kiharusi mazoezi ya namna hii hadi saa 30 ndani ya wiki nne. Walikuwa watu 78 kwa jumla, wakiwemo wa kundi la kulinganisha. Waliozoezwa walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha umakini, lakini faida hiyo haikuonekana waziwazi kwenye mambo mengine ya maisha yao. Mwaka 2019 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio yote yaliyofaa: yalikuwa sita tu, yenye watu 223. Walichokikuta ni kwamba baada tu ya mazoezi, mtu huweza kidogo zaidi kufanya mawili kwa pamoja. Kwamba faida hiyo inadumu, au inamfikisha kwenye kazi za kila siku, hawakuona uthibitisho. Hawakusema mazoezi hayafai. Walisema ushahidi ni mchache na majaribio ni madogo.

Kwa hiyo anayekuambia mafumbo yatamrudisha mzee wako dukani kwake, mwulize amemuona nani.

Kuna jambo la heshima pia, na kwa wazee wetu ni zito. Mjukuu alipomletea baba kitabu cha kuunganisha vitone, aliangalia, akakifunga taratibu, akasema, "Mwanangu, mie si wa chekechea." Siku mbili hakutaka zoezi. Ungo wa mchele hakuukataa hata mara moja, kwa sababu mchele ule ulikuwa unapikwa.

Njia ya pili: kuipanga kazi na nyumba

Huku hujaribu kuurudisha umakini wa zamani. Unauliza kazi inavunjikia wapi, na pale inapovunjika unaweka nguzo. Ndani yake zimo njia mbili ndogo ambazo watu huzichanganya: mbinu anayoishika mgonjwa mwenyewe, na mazingira tunayoyashika sisi.

Mbinu kwanza. Uholanzi, Fasotti na wenzake walitengeneza mafunzo kwa watu ambao ubongo wao umekuwa mzito baada ya kuumia: kabla ya kazi, amua ni nini kinaweza kufanywa mapema bila haraka, panga utakavyofanya ukizidiwa, kisha anza, ukijikagua. Mwaka 2009 Winkens na wenzake waliyajaribu kwa wagonjwa 37 wa kiharusi. Waliofunzwa walizitumia mbinu hizo zaidi, na miezi mitatu baadaye walikuwa wepesi zaidi kwenye kazi za kawaida. Nalo ni jaribio dogo, silifichi. Lakini limepima kile ninachokitaka mimi, kazi yenyewe, si alama za karatasini.

Kwa baba tulifanya hivi. Tulichukua kipande cha ubao, tukaandika hatua za kuziba pancha kwa herufi kubwa, kila moja na mstari wake: toa tyubu, jaza upepo, tafuta tundu, mwiba umetoka?, msasa, solusheni, subiri, kiraka, rudisha. Ile ya mwiba tuliiandika kwa rangi nyekundu. Pembeni ya kila mstari kaka yangu alichimba kishimo kidogo, na baba akapewa komwe moja ya bao. Kazi ikifika hatua fulani, komwe inakaa kwenye kishimo chake.

Tatizo lilikuwa salamu. Hapa kwetu huwezi kumwambia mzee asiitikie shikamoo kwa sababu anafanya kazi, na yeye mwenyewe asingekubali hata umwombe vipi. Kwa hiyo tukamfundisha jambo moja tu: kabla ya kuitikia, mkono uguse komwe. Ikiwa haipo kwenye hatua aliyopo, aisogeze, ndipo aseme "marahaba". Tulilirudia zaidi ya wiki tatu, mimi nikijifanya mpita njia mara kumi kwa asubuhi, wadogo zangu wakicheka, mpaka mkono ukazoea wenyewe. Mtu akiondoka, baba hana haja ya kukumbuka alipokuwa. Anaangalia ubao.

Sasa mazingira. Kigoda kilichokuwa kimeelekea barabarani tulikigeuza kielekee ukutani. Redio ikahamia ndani. Kazi ikawa saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla mtaa haujachangamka na kabla hajachoka. Baiskeli moja mbele yake, nyingine zote nyuma ya mlango. Vidonge vya presha vikafungwa na adhana: cha asubuhi kinakaa pamoja na birika la udhu wa alfajiri, na mama anahesabu vilivyobaki kila Ijumaa. Msiviache hivyo kwa ajili ya lolote. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na karibu 316 Dar, na presha ni chanzo kikubwa. Kiharusi cha pili hufuta kila mlichojenga baada ya cha kwanza.

Tofauti ya mbinu na mazingira tuliiona vizuri kwenye swala. Akiswali peke yake nyumbani, baba alikuwa anapoteza hesabu ya rakaa. Alijua hukumu yake, ajenge juu ya idadi ndogo na asujudu sijda ya kusahau, lakini aliishia kusujudu kila swala na roho ikimsononeka. Tungeweza kumfundisha kuhesabu kwa vidole. Badala yake kaka alianza kumpeleka msikitini. Nyuma ya imamu hakuna cha kuhesabu: wanaoinuka wanakuinua, wanaokaa wanakukalisha. Hakuna zoezi nililolifanya na baba lililompa utulivu kama ule.

Zikitazamwa pamoja

Kwa muda, mazoezi yanataka saa nyingi, karibu kila siku, kwa wiki kadhaa, na mtu wa kukaa naye. Kupanga kazi kunakula muda mwingi mwanzoni, kufikiri na kujaribu na kukosea, kisha kunapungua. Kwa fedha, vyote vinaweza kufanyika kwa vitu vya nyumbani. Kinachokula pesa ni nauli ya bajaji na siku ya kazi ya anayempeleka hospitali, na hapo mazoezi ya kliniki ndiyo ghali, kwa kuwa yanataka safari nyingi. Mtaalamu wa kupanga kazi anaweza kukuelekeza kwa mikutano michache, kazi nyingine mkaifanya wenyewe.

Udhaifu wa mazoezi nimeshausema: faida hubaki karatasini. Udhaifu wa kupanga kazi ni kwamba umefungwa na kazi ile ile. Ubao wa pancha haukumsaidia baba hata kidogo kwenye kurekebisha breki. Ilibidi ubao wa pili. Pia nyumba nzima lazima ishike nidhamu. Mgeni mmoja akihamisha pampu, asubuhi imeharibika.

Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: je, mgonjwa anajua kwamba ana shida? Kiharusi cha upande wa kulia mara nyingi huondoa na utambuzi wenyewe. Mtu anaruka herufi nusu ukurasa na anakuambia kamaliza, na hasemi uongo, ndivyo anavyoona. Mtu huyo usimpe mbinu, hataitumia, kwa sababu haoni inatibu nini. Usigombane naye pia. Mazingira ndiyo yanayomsaidia, kwani hayamtaki akubali kwanza. Utambuzi ukianza kurudi, baba ulimrudia taratibu baada ya kuona zile tyubu zinazolala, ndipo mbinu inashika.

Uchovu nao unazitenganisha. Baada ya kiharusi kuna uchovu wa akili usiofanana na wa shamba: macho yanabaki wazi, mtu hayupo. Mazoezi huuchochea haraka, dakika kumi na tano kwa baba zilitosha. Ukiona makosa yanaongezeka badala ya kupungua, simamisheni, alale. Kuendelea hapo ni kumfundisha kukosea.

Upande wa kushoto uliopotea

Hili nalitenga kwa sababu majibu yake si yale yale. Wengi waliopigwa upande wa kulia wa ubongo huacha kuujua upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima, ila akili haielekei huko. Baba alikula wali wote wa upande wa kulia wa sahani, akauliza mbona hakuna samaki leo, na samaki yupo pale pale kushoto. Mwisho wa swala alitoa salamu kulia, ya kushoto akaisahau, akanyanyuka.

Kusoma kulitufundisha kitu ambacho sikukitegemea. Gazeti la Kiswahili huanzia kushoto, kwa hiyo baba alikuwa anapoteza mwanzo wa kila mstari, na habari ikawa haina kichwa. Msahafu huanzia kulia: alianza kila mstari vizuri, akapoteza mwisho wake. Watu wakasema Kurani haijamtoka. Lakini aya alizokuwa hazijui kwa moyo zilikatika kushoto vile vile. Dawa ikawa utepe mwekundu ukingoni kushoto mwa ukurasa. Kwenye gazeti, asianze mstari mpaka aone nyekundu. Kwenye msahafu, asihamie mstari wa chini mpaka aifikie.

Chaguo hapa tena ni mawili. Unaweza kumzungushia sahani, na samaki akaonekana. Au unaweza kumfundisha kutafuta ukingo: weka utepe, mwambie "tafuta nyekundu", kila mlo, kila ukurasa, mpaka kichwa kigeuke bila kuambiwa. Kwenye umakini wa kawaida niliegemea mazingira, ila hapa nasema mfundisheni kutafuta, kwa sababu gari halizungushwi kama sahani. Sisi tunaendesha kushoto. Mtembea kwa miguu akishuka barabarani, magari ya nusu ya kwanza yanatoka kulia kwake, na hayo baba aliyaona. Akifika katikati, yanayokuja yanatoka kushoto. Hapo ndipo pa kuogopa. Mpaka leo havuki peke yake. Baiskeli alizozitengeneza maisha yake yote haziendeshi tena, kwa sababu mwendesha baiskeli hukaa ukingo wa kushoto, penye mtaro na watu, upande ule ule asiouona. Hilo lilimuumiza kuliko mkono. Sikumdanganya kwamba ni la muda.

Ushahidi wa huku nao haujatulia. Cochrane ya 2021 ilikusanya majaribio 65 ya tiba za tatizo hili na bado haikuweza kusema ipi inafaa kwa hakika. Mtasikia pia habari za miwani ya prizimu, ambayo Rossetti na wenzake waliandika juu yake 1998: husogeza picha nyuzi 10 kulia, mgonjwa anaelekeza kidole mara nyingi akiwa ameivaa, na akiivua mkono na akili vinaelekea kushoto kwa muda. Tafiti zilizofuata zinapingana. Kama ipo unapotibiwa, kuijaribu na mtaalamu si vibaya. Kusafiri kuitafuta, mimi singesafiri.

Simu, vidonge na kombe

Michezo ya simu ni mazoezi yale yale yakiwa na rangi na muziki. Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, yenye michezo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya kudanganya kwenye matangazo, yakiwemo madai kwamba michezo hupunguza upungufu wa akili unaotokana na kiharusi. Akiipenda mgonjwa, acheze. Bando lisiliwe kwa matumaini ya kupona.

Vidonge vya kurudisha umakini, hakuna ninachoweza kukushauri ukakinunue. Dawa ya sonona iitwayo fluoxetine ilitumainiwa kuharakisha nafuu ya kiharusi kwa jumla. Jaribio kubwa la Uingereza la 2018, lenye wagonjwa 3,127, lilikuta haiongezi uwezo wa kujitegemea. Ilipunguza sonona mpya, ikaongeza kuvunjika mifupa. Mwenye sonona atibiwe sonona, na daktari.

Kombe na dua tulifanya, na sijuti. Mashehe waliokuja kumsomea baba walimkalisha kimya robo saa, wakazungumza naye polepole, mtu mmoja kwa wakati, na huo wenyewe ni utulivu anaouhitaji. Hatari inaingia pale unapoambiwa uache vidonge vya presha mpaka dawa ya mitishamba iishe, au usubiri siku saba kabla ya hospitali kwa kuwa huu ni upepo. Hapo katalieni, kwa adabu, lakini katalieni.

Kwa nani ipi

Kama mgonjwa wako bado yuko miezi mitatu ya mwanzo, ubongo unajirudisha wenyewe kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Mpangieni nyumba tulivu, tibuni vile vinavyoiba umakini, mazoezi yawe mafupi na ya vitu vya kweli: mchele, kukunja nguo, kuhesabu chenji. Kama miezi imepita, anajua shida yake, na kuna kazi anayoilia, chagueni kazi hiyo moja mwijengee ubao wake. Kama haijui shida yake, shikeni mazingira na subira. Kama ni kijana anayetaka kurudi ofisini au darasani, penye mambo mengi mapya kila siku ambayo huwezi kuyaandikia ubao, kwa huyo ningeongeza mazoezi ya kupanda ngazi chini ya mtaalamu, pamoja na mbinu, si peke yake. Na mwenye jiko, la mkaa au la gesi, asipike peke yake mpaka mmemwona akipika mara nyingi huku mkimzungumzisha.

Mkifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au nyingine yoyote, msiombe mazoezi ya viungo peke yake. Semeni waziwazi: "Mguu unaendelea vizuri, ila hawezi kumaliza kazi aliyoianza," na muulize kama kuna mtaalamu wa tiba kazi. Wanafundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi ina chuo chao. Nendeni na mfano wa kazi inayomshinda. Sisi tulikwenda na tyubu, na mtaalamu alijifunza zaidi kwa kumwangalia baba dakika kumi na ile tyubu kuliko kwa maswali yote aliyotuuliza.

Siku hizi baba anaziba mbili kwa asubuhi, mara chache tatu. Zamani zilikuwa kumi na tano. Juzi alikuwa kwenye hatua ya nne, akapita shehe wa mtaa na salamu ndefu za nyumbani, za shamba, za mvua. Niliona mkono wake ukienda kwenye ubao kabla hajainua uso. Wakazungumza wakashiba. Shehe alipokwenda, baba akaangalia komwe, akasoma ile nyekundu kwa sauti ndogo, akaingiza kidole ndani ya tairi na kuanza kulizunguka taratibu, kulia, chini, kisha kushoto, mpaka kikakwama.